Sura ya Nne: Uzi Usiokubali Rangi

Msimu wa kununua pamba ukifunguliwa Kanda ya Ziwa, kwa kawaida mwezi Mei, barabara ya kutoka Bunda kwenda Nyamuswa, mkoani Mara, hujaa mizigo myeupe. Wapo wanaobeba kwa baiskeli, wapo wenye mikokoteni ya ng'ombe, wapo waliokodi bodaboda. Kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika wa mazao, karani hupima, na mzigo hutazamwa kama ni pamba safi au ni fifi. Jicho la mkaguzi hutafuta unyevu, mchanga, majani makavu na pamba iliyogeuka rangi kwa kunyeshewa. Lakini upo uchafu mmoja ambao jicho hilo huukosa kwa urahisi, kwa sababu nao ni mweupe. Ni uzi mwembamba wa plastiki uliochomoka kwenye salfeti.

Salfeti ipo katika kila kaya. Mbolea ilikuja ndani yake, mahindi yanahifadhiwa ndani yake, mkaa unasafirishwa ndani yake. Imefumwa kwa tepe nyembamba za plastiki iitwayo polipropilini. Ikikaa juani miezi kadhaa, tepe hizo hupasuka kwa urefu na kuanza kutoa nyuzi. Mkulima anayechumia pamba kwenye salfeti kuukuu, au anayeishindilia humo ili ijae vizuri, huchanganya nyuzi hizo na pamba yake bila kujua. Kiwandani, mashine ya kuchambua hutenga pamba na mbegu, lakini haijui kutenga pamba na plastiki. Ule uzi hukatika vipande vipande na kusambaa ndani ya robota, robota husafiri hadi kwenye kiwanda cha kusokota, pengine ng'ambo ya bahari, na hakuna anayeshtuka mpaka kitambaa kinapotoka kwenye pipa la rangi. Hapo ndipo unapojitokeza: katikati ya bluu iliyokolea umelala unywele mweupe, mfupi kuliko kucha, uliokataa kabisa kupakwa. Ukiupitishia pasi yenye moto wa pamba, unaokaribia nyuzijoto 200 za Selsiasi, unayeyuka, maana polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi.

Ndiyo maana wakulima huhimizwa na wataalamu wa zao hili, ikiwemo Bodi ya Pamba Tanzania, kuchumia na kubebea pamba kwenye mifuko na mashuka ya pamba. Sababu yake haina utata: uzi wa pamba ukichomoka kwenye shuka la pamba, hakuna kilichoharibika. Uzi wa plastiki ukiingia, robota zima linatiliwa shaka, na pamba yenye sifa hiyo hununuliwa kwa bei ya chini.

Agizo hilo linajulikana. Kisichoelezwa mara nyingi ni sababu iliyo nyuma yake. Kwa nini polipropilini ikatae rangi ambayo pamba inaipokea kwa furaha? Jibu linapatikana kwenye tabaka la nje kabisa la uzi, tabaka la unene wa nanomita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa nanomita elfu sabini hivi. Na watu wamejifunza kulibadilisha tabaka hilo kwa umeme na hewa, bila kugusa kiini cha plastiki yenyewe. Njia hiyo inaitwa plazma. Ninaamini kwamba nchi inayolima pamba, na inayotumia plastiki kwa wingi kama yetu, inapaswa kuujua uso wa vitu hivi viwili kwa umakini uleule inaouweka kwenye mizani na bei.

Polima mbili

Pamba ni polima, yaani kitu kilichoundwa na minyororo mirefu ya molekuli ndogo zilizoshikana. Mnyororo wa pamba ni selulosi: pete za glukosi, maelfu kwa maelfu, moja baada ya nyingine. Kila pete imebeba vikundi vitatu vya haidroksili, yaani oksijeni iliyoungana na haidrojeni. Vikundi hivi vinapenda maji, na vinapenda rangi. Mwaka 1956 kampuni ya ICI ya Uingereza iliingiza sokoni rangi za Procion, zinazofunga muungano wa kikemia na haidroksili hizo, kiasi kwamba rangi inakuwa sehemu ya uzi wenyewe. Vitambaa vingi vya pamba tunavyofua kila wiki bila kuchuja vinategemea muungano huo.

Polipropilini nayo ni polima, lakini ya ukoo mwingine kabisa. Ilizaliwa kutokana na kazi ya Mjerumani Karl Ziegler, aliyegundua vichocheo vipya mwaka 1953, na Mwitaliano Giulio Natta, aliyevitumia mwaka uliofuata kutengeneza polipropilini yenye mnyororo uliopangika. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1963. Mnyororo wake una kaboni na haidrojeni peke yake. Hauna oksijeni, hauna nitrojeni, hauna mahali popote ambapo rangi ya maji inaweza kujishikiza. Upungufu huo ndio pia uzuri wake: salfeti hainyonyi unyevu, haiozi ghalani, ni nyepesi kiasi cha kuelea majini, na ni rahisi kwa bei. Itazame mistari ya bluu au ya kijani kwenye salfeti. Haikupakwa. Rangi ilichanganywa na plastiki ingali uji wa moto, kabla ya kuvutwa kuwa tepe.

Wanasayansi hupima tabia hii kwa namba. Maji safi yana mvutano wa uso wa karibu milinyutoni 73 kwa mita, maana yake molekuli zake hushikana kwa nguvu na hazipendi kutawanyika. Uso wa polipropilini una nishati ya karibu 30 kwa kipimo hichohicho. Maji yakidondokea juu yake hujikunja kuwa tone, kwa kuwa yanajipenda yenyewe kuliko yanavyoupenda uso yaliokalia. Mwaka 1805 Mwingereza Thomas Young alieleza jinsi ya kulisoma tone hilo: tazama pembe inayofanyika pale ukingo wa tone unapokutana na uso. Kwenye kioo kisafi pembe hiyo ni ndogo sana na maji hutandaa. Kwenye polipropilini inafika nyuzi 100 hivi, na tone linasimama wima. Wino wa kiwandani kwa kawaida unataka uso wenye nishati ya 38 au 40 ili ushike. Chini ya hapo hukusanyika, hukauka vibaya, na hubanduka kwa ukucha.

Usidhani kwamba tofauti hii ni ya plastiki na mimea. Chuma kitumba cha pamba shambani Nyamuswa, kitoe mbegu, kisha kiweke juu ya maji kwenye bakuli. Kinaelea, na kitaendelea kuelea. Kando yake weka kipande cha pamba ya hospitali: kinalowa papo hapo na kuzama. Zote mbili ni selulosi ileile. Ila ya shambani ina koti jembamba la nta ambalo mmea umeivika, lisilofikia asilimia moja ya uzito wake, na koti hilo linatosha kuzifunika haidroksili zote zilizo chini. Viwanda vya nguo huiondoa nta hiyo kwa kuchemsha pamba na magadi makali, kazi inayokula maji mengi, kuni au mafuta mengi, na kuacha majitaka yanayopaswa kusafishwa. Kwa hiyo hata kwa pamba, asilimia ndogo iliyo nje huamua tabia ya asilimia kubwa iliyo ndani.

Radi iliyopozwa

Watu wa Mara hawahitaji kuelezwa sana plazma ni nini, kwa sababu wanaiona angani. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za Afrika zenye radi nyingi, hasa usiku, upepo wa nchi kavu unapokutana juu ya maji na hewa yenye unyevu. Mstari mweupe unaoonekana radi inapopiga ni hewa iliyopasuliwa na umeme: elektroni zimeng'olewa kwenye atomi zake, na kilichobaki ni mchanganyiko wa elektroni huru na atomi zenye chaji. Mchanganyiko huo ndio plazma. Joto lake ndani ya njia ya radi hufikia nyuzijoto elfu thelathini, na mti uliopigwa unaonyesha wazi joto hilo linaweza kufanya nini.

Plastiki haiwezi kuguswa na kitu cha joto hilo. Siri ya kazi ninayoieleza ni kwamba ipo plazma ya namna nyingine, iliyo baridi. Elektroni ni nyepesi mno kuliko atomi. Ukizisukuma kwa umeme unaobadilika haraka, au ndani ya chombo kilichotolewa hewa nyingi, elektroni zinapata mwendo mkali kabla atomi hazijapata nafasi ya kupata moto. Zenyewe zina nishati inayolingana na joto la maelfu ya nyuzi, ilhali gesi iliyozizunguka inabaki vuguvugu, na mkono unaweza kushika chombo chake. Taa ya tyubu inayowaka dukani ni plazma ya aina hiyo.

Ujuzi huu ulikusanywa taratibu. Mwaka 1857 Werner von Siemens, Berlin, alitengeneza mrija wa kutoa gesi ya ozoni kwa kupitisha hewa katikati ya vioo viwili vyenye umeme mkali. Muundo wake bado ndio msingi wa mashine nyingi za leo. Mwaka 1879 William Crookes, London, alichunguza gesi inayong'aa ndani ya mirija yenye hewa haba na kusema kwamba yuko mbele ya hali ya nne ya maada, baada ya yabisi, kimiminika na gesi. Jina la plazma tunalolitumia alilitoa Mmarekani Irving Langmuir mwaka 1928.

Sasa weka polipropilini ndani ya plazma baridi. Muungano wa kaboni na haidrojeni unahitaji nishati ya elektronivolti nne hivi ili uvunjike, na ndani ya plazma kuna elektroni na mwanga wa urujuanimno wenye nishati ya kutosha. Haidrojeni inang'oka, na kaboni inabaki na mkono ulio wazi. Hali hiyo haidumu. Oksijeni iliyo karibu inaudaka mkono huo mara moja, na mahali palipokuwa patupu panaota haidroksili, kabonili au kaboksili: vikundi vya aina ileile vinavyoifanya selulosi ipende maji. Fundi mwashi huchokoachokoa ukuta uliolainika kabla ya kupiga lipu ili lipu ipate pa kushika, na plazma hufanya hivyo kidogo, lakini kazi yake kubwa ni ya kikemia: inaupa uso vikundi ambavyo haukuwa navyo. Haya yote hutokea kwenye nanomita chache za juu. Chini ya hapo plastiki haina habari. Nguvu yake, wepesi wake na kiwango chake cha kuyeyuka havibadiliki.

Mwanzo wa maandishi kwenye mfuko

Mahitaji ya kwanza makubwa yalitoka kwa wachapaji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia poliethilini ilienea kama karatasi ya kufungia bidhaa, lakini wino ulikuwa haushiki. Mwaka 1951 mhandisi wa Denmark, Verner Eisby, aliombwa na mteja amtafutie njia ya kuchapa kwenye plastiki. Jibu lake lilikuwa kuipitisha plastiki chini ya umeme wa volti nyingi uliokuwa ukitoa mng'ao wa urujuani hewani. Mng'ao huo mafundi waliuita korona miongo mingi kabla ya virusi vya jina hilo kusikika, na njia yenyewe imebaki na jina hilo hadi leo.

Hebu tuiangalie mashine hiyo kwa karibu. Karatasi ya plastiki inakunjuka kutoka kwenye roli na kupita juu ya silinda ya chuma iliyovikwa tabaka lisilopitisha umeme, kama la kauri au la mpira maalumu. Juu yake, kwa umbali wa milimita moja au mbili, imelala elektrodi. Umeme wa maelfu ya volti, unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde, unapasua hewa iliyo katikati. Unasikika mvumo wenye mipasuko, unaonekana mwanga wa zambarau, na inanuka harufu kali ya ozoni, ambayo lazima ivutwe nje kwa bomba kwa sababu inaumiza mapafu. Plastiki inakimbia mamia ya mita kwa dakika, kwa hiyo kila sehemu yake inakaa chini ya umeme kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Inapotoka upande wa pili huwezi kuiona tofauti kwa macho wala kuihisi kwa kidole. Hakuna maji yaliyotumika, hakuna dawa iliyopakwa, hakuna majitaka. Kilichoingia ni hewa na umeme.

Kujua kama kazi imefanyika, fundi huchukua wino maalumu wa kupimia, kila chupa ikiwa na mvutano unaojulikana, na kuchora mstari juu ya plastiki. Mstari wa namba 38 ukibaki mzima kwa sekunde mbili, uso umefika 38. Ukijikusanya kuwa vitone, haujafika. Mfuko wa mkate, pakiti ya unga, karatasi ya biskuti: ukisoma maandishi juu yake na hayatoki kwa kidole, karibu kila mara ujue kwamba plastiki yake ilipita kwenye umeme au kwenye moto kabla ya kufika kwenye wino. Hata salfeti zenye nembo ya mbolea au ya mchele huandaliwa hivyo. Teknolojia hii, basi, si ngeni kwetu. Imo jikoni mwa kila nyumba ya Nyamuswa, haina jina tu.

Inayo kasoro moja ambayo mchapaji huijifunza mapema. Uso uliotibiwa huzeeka. Minyororo ya polima haijatulia kabisa. Hugeukageuka, na vikundi vipya vilivyoota juu hujizamisha ndani polepole, huku viambato vya kulainisha vilivyochanganywa kiwandani vikipanda juu. Roli lililofika 42 siku lilipotengenezwa linaweza kukutwa chini ya 38 baada ya wiki kadhaa ghalani, na joto huharakisha. Wachapaji makini hulipitisha tena kwenye umeme muda mfupi kabla ya kuchapa. Maandishi yanayopukutika kama magamba kwenye mfuko wa bei rahisi mara nyingi yanasimulia habari hiyo: plastiki haikutibiwa, au ilitibiwa ikasahauliwa.

Gesi tofauti, uso tofauti

Hewa ni mwanzo tu. Ukiweka plastiki ndani ya chombo, ukatoa hewa na kuingiza gesi unayoichagua, unachagua pia tabia ya uso utakaoupata. Oksijeni huleta mapenzi ya maji. Agoni husafisha uchafu wa mafuta na kuiunganisha minyororo ya juu ili uso uwe mgumu zaidi. Amonia huacha vikundi vyenye nitrojeni, ambavyo protini hupenda kujishikiza. Gesi zenye florini hufanya kinyume: huufanya uso uyakatae maji kabisa, na kitambaa cha pamba kilichopitishwa humo kinaweza kurudisha matone ya mvua.

Hospitali na maabara zinaishi kwa ujuzi huu. Seli nyingi za mwili haziwezi kukua zikielea. Lazima zishike mahali ndipo zigawanyike. Vyombo vya maabara vya kuoteshea seli hutengenezwa kwa polistirini, plastiki angavu isiyopenda maji, na seli zikiwekwa juu ya polistirini ghafi hushindwa kujitandaza na nyingi hufa. Kwa hiyo viwanda hupitisha vyombo hivyo kwenye plazma au korona kwanza. Seli za Vero, zilizoanzishwa Japani mwaka 1962 kutoka kwenye figo ya tumbili wa Afrika, ni za aina hiyo ya kushika, na ndizo zinazotumika kutengeneza mojawapo ya chanjo kuu za kichaa cha mbwa duniani. Katika wilaya zinazopakana na Serengeti, Bunda ikiwa mojawapo, ambako mbwa wamekuwa wakichanjwa kwa kampeni kubwa ili kulinda watu na wanyamapori, si vibaya kukumbuka kwamba nyuma ya sindano kuna watu waliolazimika kujifunza seli inapenda kukaa juu ya uso gani.

Ipo pia njia ya kuutawala uso kutoka ndani, na mfano wake bora uko Tanzania. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani. Nyuzi zake ni za poliethilini, na dawa ya kuua mbu, permethrini, huchanganywa na plastiki kabla ya kuvutwa kuwa uzi. Dawa hupanda kidogo kidogo hadi juu. Ukifua, ya juu inaondoka, na iliyo ndani inapanda kuchukua nafasi yake. Vyandarua vya poliesta hufuata njia nyingine: dawa hupakwa nje pamoja na gundi inayoishikilia. Kupaka, kuchanganya ndani, kubadilisha uso wenyewe: hizo ni njia tatu, na anayechagua vibaya hupoteza fedha. Mbu naye hukutana na uso tu. Dawa iliyobaki ndani ya uzi haimdhuru.

Jaribio la darasani

Shule ya sekondari yenye jiko la gesi la maabara inaweza kuonyesha msingi wa haya yote ndani ya kipindi kimoja, kwa sababu moto nao hufanya kazi inayofanana. Viwanda vya magari hupitisha moto juu ya bampa za polipropilini kabla ya kuzipaka rangi. Ndani ya mwali wa bluu kuna vipande vya molekuli vyenye oksijeni na vilivyo na njaa ya kuungana, na chaji kidogo za umeme, vinavyofanya juu ya plastiki karibu yale yanayofanywa na plazma baridi.

Chukua kipande cha kifuniko cha ndoo ya plastiki, kinene kiasi cha kutojikunja upesi. Kioshe kwa sabuni, kisuuze vizuri na ukiache kikauke, kwa kuwa mafuta ya vidole hudanganya. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano dondosha tone moja la maji na ulitazame kwa ubavu: limesimama. Futa tone. Washa jiko na ufungue tundu la hewa mpaka mwali uwe wa bluu safi bila manjano, kisha kwa koleo ipitishe plastiki haraka mara moja, chini ya sekunde moja, juu kidogo ya ncha ya koni ya ndani ya mwali. Isianze kuyeyuka wala kutoa moshi. Acha ipoe, dondosha tone lingine mahali palepale. Sasa maji yanatandaa. Chora mstari wa kalamu ya wino wa maji kwenye sehemu iliyopita motoni na kwenye ile isiyopita, na tofauti itaonekana hata kwa aliyekaa dawati la nyuma. Madirisha yawe wazi, na mwalimu awe karibu na moto.

Somo hilo lina thamani kubwa kuliko kifuniko cha ndoo. Mwanafunzi anayeliona anajua kwamba sifa ya kitu inaweza kubadilishwa pale tu inapohitajika, na anakuwa na jibu la kisayansi la kumpa mzazi wake msimu wa pamba ukifika: salfeti inakatazwa kwa sababu hii hapa, ishike, itazame.

Ambapo plazma haitusaidii

Msomaji atauliza: kama plazma inaweza kuifanya polipropilini ipende maji, kwa nini tusiitumie kuokoa robota lililochafuliwa? Haiwezekani. Nyuzi za plastiki zimefichika ndani ya mamia ya kilo za pamba iliyoshindiliwa, na plazma hubadilisha tu kile inachokigusa. Hata uzi ukipatikana na kutibiwa, utapata rangi hafifu juu ya tabaka la nanomita chache, ilhali pamba iliyo jirani yake imenywa rangi mpaka ndani. Na utayeyuka vilevile chini ya pasi. Viwanda vikubwa vya kusokota vimeweka kamera zinazotafuta uzi wa rangi ngeni na kuupuliza nje kwa hewa, lakini plastiki nyeupe ndani ya pamba nyeupe huzisumbua kamera hizo kama inavyomsumbua mkaguzi wa Nyamuswa.

Tatizo hilo linaweza kukua tusipokuwa waangalifu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko laini ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na ilikuwa hatua njema kwa mitaro yetu na mifugo yetu. Lakini mingi ya mifuko mbadala iliyochukua nafasi yake, ile inayofanana na kitambaa na inayotakiwa kuwa na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini zilizogandamizwa. Kwa macho ni nguo. Kwa kemia ni ndugu wa salfeti. Mkulima anayeutumia mfuko huo kuchumia pamba akidhani amefuata agizo, kwa kuwa si plastiki, amedanganywa na mwonekano, na wa kulaumiwa ni sisi tuliompa agizo bila maelezo.

Plazma hufaa pale ambapo mtu anajua mapema anataka nini kwenye uso, na anaifanya kazi hiyo kabla ya hatua inayofuata. Kwa pamba, hatua hiyo ya mapema ni shambani, na chombo chake ni shuka. Bodi, AMCOS na wanunuzi wanaweza kuamua kwamba mashuka ya pamba yapatikane kwenye ghala palepale mbegu na dawa zinapotolewa, kabla ya vitumba kupasuka, na kwamba karani anayepokea mzigo ndani ya salfeti aukatae mbele ya wote. Agizo lisiloambatana na shuka humwachia mkulima kazi ya kutafuta kitu ambacho duka la kijijini halina, wakati salfeti iko mlangoni.

Hatua ya pili ni kubwa zaidi, na hapo ndipo plazma inaporudi kwa uzito wake. Sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka nchini ikiwa nyuzi ghafi. Kazi ya kuondoa nta, kusokota, kutia rangi na kumalizia kitambaa, yaani karibu kazi yote ya uso, hufanyika kwingine, na faida yake hubaki huko. Mkoa wa Mara ulijengewa kiwanda chake cha nguo, MUTEX ya Musoma, ili kazi hiyo ifanyike karibu na shamba, lakini mitambo yake ilisimama kwa miaka mingi. Tukijenga upya viwanda vya nguo, hatulazimiki kuanzia kwenye mapipa ya magadi yanayomwaga majitaka kuelekea ziwa lilelile tunalonywa na kuvua. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba plazma inaweza kuilegeza nta ya pamba na kupunguza maji na kemikali zinazohitajika baadaye. Mashine zake zina gharama, na zinataka umeme usiokatikakatika pamoja na mafundi wanaojua fizikia ya kinachong'aa mbele yao. Umeme na mafundi ni vitu ambavyo nchi inaweza kuamua kuvipata. Kijana wa Nyamuswa aliyewahi kuliona tone la maji likitandaa darasani yuko tayari kuanza kujifunza, na kiwanda kitakachomhitaji kinapaswa kupangwa sasa, wakati yeye bado yuko shuleni.